UZI: Mnasihi anapokuuliza "hiyo lazima umeitoa wapi?" anatafuta nini? Tuongee kuhusu REBT na imani zinazotutesa

Mnasihi wa Tabata

Wakuu habari za jioni.

Kila akija mtu humu akasema ana msongo wa mawazo majibu yanakuwa yaleyale, usiwaze sana, mshukuru Mungu unapumua, kuna wenye hali mbaya kuliko yako, jikaze. Wanaojibu hivyo wana nia nzuri, siwalaumu. Ila mimi kazi yangu ni unasihi, nipo hapahapa Dar, na nakutana na watu walioambiwa hayo maneno na mama, na mchungaji, na shehe, na washkaji wa kijiweni, na bado usiku hawalali. Mtu ukimwambia usiwaze ndo kwanza anawaza. Sasa leo naomba tukae kidogo kwenye tiba moja ya mazungumzo ambayo haimkatazi mtu kuwaza, yenyewe inalikamata lile wazo linalomtesa na kuliuliza ushahidi wako uko wapi. Inaitwa REBT, kwa lugha yetu tuseme tiba ya fikra, hisia na tabia, nitaandika REBT tu tusichoshane.

Mwanzilishi wake ni Albert Ellis, Mmarekani aliyezaliwa Pittsburgh 1913 akakulia New York, PhD yake ya saikolojia alichukua Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1947. Alianza kama wenzake wengi wa wakati ule kwa njia ya Freud, mgonjwa analala kwenye kochi anasimulia utoto wake miezi na miaka. Akaona watu wanaelewa vizuri kabisa walikotoka ila maisha yao hayabadiliki. Mwaka 1955 akaanza njia yake, mnasihi anaongea, anauliza, anabisha, anampa mtu kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Jina lenyewe limekua kwa vipande, kwanza ilikuwa tiba ya fikra tu, 1961 akaongeza hisia, 1993 akaongeza tabia. Msingi aliuchota kwa wanafalsafa wa kale hasa Epictetus, mtu aliyezaliwa mtumwa, ambaye alifundisha kwamba binadamu hasumbuliwi na mambo yenyewe, anasumbuliwa na jinsi anavyoyatazama.

Kazi inaenda kwa herufi. A ni tukio lililokukuta. C ni matokeo kwako, unavyojisikia na unavyofanya, umepaniki, umejifungia ndani, umemtukana mtu. Wengi tunaamini A ndo imeleta C moja kwa moja, bosi kanifokea ndo maana siku yangu imeharibika. Ellis anasema katikati pale kuna B, imani yako kuhusu hilo tukio, na hiyo ndo inaamua maumivu yatakuwa ya aina gani. Chukulia wamama wawili wa kikoba kimoja huko Tandale, wote wameshindwa marejesho wiki hii na wote wametajwa mbele ya kikao. Mmoja anaumia, anaona aibu, jioni anapiga hesabu atabana wapi ili wiki ijayo alipe. Mwenzie anaacha kwenda kikao, anazima simu, akienda gengeni anazunguka njia ya nyuma, mwisho anaenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili alipe kikoba. Tukio ni lilelile. Huyu wa pili ukimkalisha ukamuuliza alijiambia nini pale alipotajwa utasikia "mimi sitakiwi kabisa kuaibika mbele za watu, nikiaibika nimekwisha." Hiyo ndo B yake, na D ni pale mnasihi anapoanza kuihoji.

Mwanzoni Ellis alikuwa na orodha ya imani 11 anazoziona kwa wateja wake, baadaye akaona zote zina mzizi mmoja, mtu kuchukua kitu anachokipenda na kukigeuza kuwa lazima. Lazima mimi nifanikiwe na nikubalike. Lazima wewe unitendee haki. Lazima maisha yawe mepesi. Lazima ikishakaa inazaa mengine, likienda kinyume ni balaa, siwezi kuvumilia, mimi ni mtu bure au yule ni shetani kabisa.

Na hapa ndo nataka watu wanielewe, tiba hii haigusi kupenda kwako. Unataka kazi, endelea kuitaka. Unataka mumeo akuheshimu, taka sana tu. Kinachohojiwa ni ile hatua ya kutoka "nataka sana" kwenda "lazima niwe nayo la sivyo sifai kuishi." Mtu akikosa alichokitaka sana atahuzunika, na ahuzunike tu, ni haki yake. Akikosa alichojiapiza ni lazima anavunjika.

Nitaendelea na mfano wa mtu halisi, ngoja nipike kwanza.

Kijana wa Buza

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

mama_wawili_kimara

Hiyo ya kuzunguka njia ya nyuma umenisema mimi kabisa dada, yaani nimecheka halafu nikanyamaza

Fundi AC Sinza

Mleta mada samahani lakini hii si ndo ileile ya wale wahamasishaji wa kwenye mitandao, badili mtazamo wako utabadili maisha yako? Mimi nilifukuzwa kazi, nibadili mtazamo halafu kodi alipe nani

Mnasihi wa Tabata

Fundi swali lako ni zuri na ndo maana nimeahidi mfano, usome halafu uniambie kama inafanana na hao wahamasishaji.

Kuna kijana, mwenyewe ameniruhusu na nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane. Alikuwa stoo kipa kwenye ghala moja huko Barabara ya Nyerere, kazi ikaisha. Ni mtoto wa kwanza kwao, mama yuko mkoani, wadogo zake wanasoma. Alipokuja kwangu alisema tatizo ni usingizi. Baadaye ndo ikatoka kwamba mama yake akipiga hapokei, anaiangalia simu inaita mpaka inakata yenyewe, halafu anaandika meseji "nipo kikaoni mama nitakupigia." Kikao hakuna, yupo amekaa kitandani na bukta saa nne asubuhi.

Nikamuuliza, simu ya mama ikiita unajiambia nini kichwani? Akasema, kwamba anataka hela na mimi sina. Nikamwambia sawa, huna, hilo ni kweli tusibishane nalo. Sasa kutokuwa nayo maana yake nini kwako? Akakaa kidogo, akasema maana yake nimefeli, mtoto wa kwanza lazima abebe nyumba, mwanaume asiyeweza kumtumia mama yake hata elfu kumi ni takataka.

Hapo wengi wetu huwa tunakimbilia kumfariji, hapana bwana mama yako anakupenda, hawezi kukuona takataka. Inasikika vizuri na inatuliza kwa siku mbili. Lakini mimi namjua mama yake? Simjui. Akienda nyumbani akakuta mama kweli amekasirika, dawa yangu yote imemwagika. REBT inafundisha usianze kubishana na A. Chukulia lile baya analoliogopa ni kweli, halafu mhojiane hapo. Kwahiyo nikamwambia tuseme mama kweli amekasirika, tuseme mjomba kasimama kwenye kikao cha ukoo kasema wewe ni hasara kwa familia. Alinitazama kama nimemtukana, ila ndo tukafika mahali penyewe.

Nikamuuliza, unapenda kumsaidia mama? Sana. Basi hilo tusiliguse, ni jema. Sasa niambie imeandikwa wapi kwamba kwa sababu unapenda sana na ni jema, basi lazima liwezekane mwezi huu huu usio na kazi? Akasema ndo mila zetu. Nikamwambia mila zinasema usaidie kwenu, je zinasema na asiye na kitu naye atatuma? Akafikiria, akasema hapana, hata baba kuna miaka alikuwa hatumi kitu kwa bibi, kiwanda alichokuwa anafanya kilifungwa. Nikamuuliza, na baba alikuwa takataka miaka hiyo? Akanijibu kwa ukali kabisa, "hapana bana, baba yangu yule."

Sikusema kitu, nikamwacha ajisikie mwenyewe alichosema.

Halafu nikamuuliza la mwisho, hii imani ya kwamba wewe ni takataka usipotuma, tangu uanze kuiamini imekusaidia kutuma shilingi ngapi? Akasema imenifanya hata simu sipokei, na kuna mtu aliniambia kuna kibarua Gongo la Mboto sikwenda, niliona nitaenda kudhalilika tu.

Mmeona maswali yalivyoenda. La kwanza ni la ushahidi, wapi imeandikwa. La pili ni la mantiki, kama kukosa hela kunamfanya mtu kuwa takataka mbona baba yako hakuwa. La tatu ni la faida, hii imani inakupeleka wapi. Mnasihi mzuri anahama kati ya hayo, hakai kwenye moja, maana kuna mtu ushahidi haumgusi hata umpe gunia zima ila ukimuuliza imani yake inamgharimu nini anashtuka.

Tukaandika imani mpya kwa maneno yake yeye: natamani sana kumtumia mama na inaniuma kwamba kwa sasa siwezi, ila hakuna sheria inayosema lazima niweze kila mwezi, hali ni mbaya lakini naimudu, mimi ni mtu aliyekosa kazi siyo mtu bure. Na kazi ya nyumbani ikawa ampigie mama wiki hiyohiyo amwambie ukweli kabla hajaulizwa.

Alipiga. Na mama hakumbembeleza, alilalamika, akamuuliza ada ya mdogo wako sasa atalipa nani. Kijana anasema iliuma, alikaa nje mpaka giza likaingia. Ila usiku ule alilala, na mama alipopiga tena Jumapili akapokea. Ndo maana nawaambia wanasihi wenzangu tusiharakishe kuwaahidi watu kwamba mambo yatakuwa mazuri. Angekuwa amekuja kwangu akapewa ahadi kwamba mama atamuelewa ile simu ingemmaliza.

Kwahiyo Fundi, kodi ya nyumba REBT hailipi. Wahamasishaji wanakuambia amini utapata. Hii inakuuliza, na usipopata je? Kibarua cha Gongo la Mboto kilikuwepo muda wote, kilichokuwa kimezuia miguu isiende ni ile lazima.

Fundi AC Sinza

Dah. Nimeelewa. Hiyo "baba yangu yule" imenikaa

Nuru_ya_Ilala

Dada mnasihi naomba nikuulize bila kukuvunjia heshima. Sisi wenye imani, iwe msikitini iwe kanisani, tuna lazima zetu. Swala ni lazima. Kumheshimu mzazi ni lazima. Huyo Ellis nimesoma mahali hakuwa na dini kabisa. Sasa hii tiba si inakuja kutung'oa kwenye misingi?

Mnasihi wa Tabata

Nuru umeuliza vizuri, na ni kweli Ellis hakuwa muumini na miaka ya nyuma aliandika maneno makali kuhusu dini. Ila baadaye alilegeza, na mwaka 2001 kilitoka kitabu alichoandika pamoja na wanasaikolojia Nielsen na Johnson kuhusu kutumia REBT na watu wa dini, na humo hawamtoi mtu kwenye imani yake, wanatumia hiyohiyo imani kuhoji ile lazima inayomtesa.

Ibada ni wajibu, unautimiza, ukiteleza mlango wa toba uko wazi. Hiyo ni lazima ya aina nyingine, ina masharti na ina rehema ndani yake. Lazima anayoihoji mnasihi haina rehema. Niliwahi kuongea na mama mmoja mtu wa kanisa sana, aliyejihukumu miaka kwa sababu binti yake alipata mimba shuleni, anasema mimi kama mama mcha Mungu sikutakiwa kabisa hili linikute, kwahiyo Mungu ameniona sina maana. Sikumgusa imani. Nilimuuliza tu, kwenye kitabu chako watu wa Mungu hawakuwahi kuwa na watoto waliowaumiza? Akaanza kuwataja mwenyewe, Daudi na Absalomu, Eli na wanawe. Nikamuuliza na Mungu alimwona Daudi hana maana? Yeye ndo aliyejihubiria siku ile, mimi nilikuwa nasikiliza.

Muislamu naye ana ya kwake, mtu akifanya sababu zake kisha akatawakali matokeo ni ya Mwenyezi Mungu. Mtu anayesema lazima nifaulu mtihani huu la sivyo sina maana, kimya kimya ameshajipa kazi ambayo dini yake haijampa.

Nuru_ya_Ilala

Hapo nimekuelewa, Mungu akubariki

Kijana wa Buza

Mimi niseme ukweli, nilishaenda kwa kaunsela mmoja akaniambia hivyohivyo kwamba fikra zangu siyo sahihi. Yaani dakika kumi tu nimeanza kuongea anasema hayo mawazo yako hayana mantiki. Nilijisikia kama nipo darasani nimekosa hesabu. Sikurudi

Mnasihi wa Tabata

Pole sana mdogo wangu, na una haki ya kutorudi.

Hii ni kasoro inayotokea sana mtu akijifunza REBT nusu. Ellis mwenyewe alikuwa mkali na mwenye haraka, iko filamu ya mafunzo iliyorekodiwa 1964 ambapo mwanamke anayeitwa Gloria aliongea na wataalamu watatu kwa zamu, Carl Rogers, Fritz Perls na Ellis, kila mmoja na njia yake. Ukiitazama unaona Ellis anaongea kuliko mteja. Wanafunzi wengi wanatoka pale wanadhani tiba ndo hiyo, kumzidi mtu maneno. Na yeye alikuwa mtu wa New York akiongea na watu wa New York, alikuwa anafanya mpaka maonyesho ya Ijumaa usiku, mtu anapanda jukwaani anaeleza shida yake ukumbi mzima unasikiliza. Ujaribu hiyo hapa Manzese uone kama atapanda mtu.

Kwetu mtu hahojiwi kabla hajasikilizwa. Mtu mzima ukimrukia na "hiyo imani yako haina mantiki" umemvunjia heshima, atakujibu sawa sawa mwanangu na hutamuona tena. Kwanza aseme mpaka amalize. Halafu unamrudishia alichosema ili ajue umeelewa. Halafu unaomba ruhusa, mama naomba nikuulize jambo moja ambalo unaweza usilipende. Akishasema uliza, unauliza, na unauliza ukiwa unataka kweli kujua jibu. Na kinachohojiwa ni imani, mtu haguswi. REBT yenyewe inafundisha mtu kujikubali bila masharti, yaani utathmini matendo yako, hili nimekosea hili nimepatia, lakini usijipe maksi wewe mzima. Sasa mnasihi anayemfanya mteja ajione mjinga anafundisha kinyume cha anachosema.

Bint Kigamboni

Mimi sijaelewa kitu kimoja na kinaniudhi kidogo. Hii ya kusema tukio siyo tatizo, tatizo ni unavyoliona. Mwanamke anapigwa na mume kila wiki, mumwambie tatizo ni imani yake?

Mnasihi wa Tabata

Hapana. Na bora umeuliza hadharani.

Anayepigwa kazi ya kwanza ni usalama wake. Ndugu, mjumbe, Dawati la Jinsia polisi, sehemu ya kulala usiku huo. A inayoweza kubadilishwa inabadilishwa, na mnasihi anayeanza kuhoji imani za mama mwenye jicho limevimba amepotea njia. Ellis hakusema matukio mabaya siyo mabaya. Kupigwa ni kubaya, kufiwa ni kubaya, kudhulumiwa ni kubaya, na hakuna anayetakiwa kutabasamu.

Ila nikwambie inapokuja kusaidia. Akishakuwa salama, au akiwa anafikiria kuondoka, utakuta kuna imani zinazomrudisha mlangoni kila mara. "Mwanamke lazima avumilie." "Nikirudi nyumbani watu watasema na mimi siwezi kuvumilia kusemwa." "Ndoa ikivunjika na mimi sina thamani." Hizo sasa ndo tunazihoji, na zinahojiwa ili apate nguvu ya kutoka, siyo ili azoee kipigo. Hasira yake hatuifuti, ana haki nayo. Tunachotazama ni kama ni hasira inayomfanya achukue hatua au ni ghadhabu inayomla yeye peke yake usiku wakati yule bwana amelala anakoroma.

Ndo maana REBT haigawi hisia kuwa nzuri na mbaya. Inagawa kwenye zinazokusaidia na zinazokufunga, na zote mbili zinauma. Kuna wasiwasi wa kawaida unaokufanya ujiandae na interview, na kuna hofu inayokufanya usiende. Kuna huzuni ya msiba, na kuna kukata tamaa kunakokuambia na wewe umekwisha. Kuna kujutia kosa ukaenda kuomba radhi, na kuna hatia inayokufanya umkimbie uliyemkosea. Mteja akitoka kwangu akiwa na huzuni badala ya kukata tamaa, mimi naona kazi imefanyika.

Bint Kigamboni

Asante. Ungeanza na hiyo

mama_wawili_kimara

Mimi nataka za vitendo dada. Maana mimi kichwani najua kabisa kwamba kusemwa hakuui, lakini nikifika pale kwenye kikao moyo unaenda mbio, mdomo unakauka

Mnasihi wa Tabata

Mama wawili umegusa penyewe. Kujua kichwani ni nusu, ndo maana Ellis mwishoni akaongeza neno tabia kwenye jina. Imani iliyokaa miaka haitoki kwa kikao kimoja cha maneno, inatoka mwili ukienda kule unakokuogopa ukakuta umebaki hai.

Yeye mwenyewe alianzia huko. Akiwa na miaka 19 alikuwa anaogopa sana kuongea na wanawake, akajipa kazi ya kwenda bustani ya mimea ya Bronx kila siku kwa mwezi mzima, akimuona mwanamke amekaa peke yake kwenye benchi anakaa naye anaanza maongezi. Anasimulia kwamba aliongea na kama 100. Aliyekubali miadi alikuwa mmoja na hakutokea. Lakini hofu iliisha, maana alikataliwa mara zote hizo na hakuna kilichomkuta.

Baadaye akawa anawapa wateja mazoezi ya kuishambulia aibu. Maarufu ni lile la kupanda treni ya chini ya ardhi New York na kutangaza vituo kwa sauti huku abiria wote wanakutazama. Hapa Dar ungeweza kufanya kwenye mwendokasi, unasimama katikati unaita Shekilango! Urafiki! Manzese! kama konda wa daladala, watu wageuke, wacheke, wewe ubaki umesimama unajiambia sipendi wanavyonitazama ila naweza kuvumilia. Masharti yake ni kwamba zoezi lisimdhuru mtu, lisivunje sheria na lisikufukuzishe kazi. Siyo lazima uanze na kubwa hivyo. Mimi huwa naanza na ndogo, ingia duka la Kariakoo, uliza bei za vitambaa vitano, wakushushie vyote, halafu sema asante sijapata nilichotaka na utoke taratibu bila kujieleza sana. Kuna watu hilo tu wanatoka jasho.

Kwa kikoba chako, kabla hujaenda kaa nyumbani ufumbe macho, jione umetajwa mbele ya wote, acha ile fadhaa ije yote usiikimbie. Ikishafika juu, ubaki kwenye picha ileile, usiibadilishe wakupigie makofi, badilisha unachojiambia mpaka fadhaa ishuke iwe aibu ya kawaida na masikitiko. Mbinu hii inatoka kwa daktari wa akili Maxie Maultsby na Ellis akaichukua. Fanya kila siku dakika chache. Halafu uende kikao, na ukiwa huna marejesho useme wewe kwanza kabla hujatajwa.

mama_wawili_kimara

Niseme mimi kwanza!! Haya, Alhamisi ndo kikao, nitajaribu

Mwl_Kibaha

Swali fupi. Hii imefanyiwa utafiti Afrika au ni mambo ya Marekani tu?

Mnasihi wa Tabata

Imefanyiwa mwalimu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka wameandika sana, wameitumia kwa wanafunzi wa vyuo wenye msongo na kwa walimu pia, wakilinganisha waliopata na ambao hawajapata, na wanaripoti msongo kupungua. Kwa ujumla tafiti za miaka mingi zinaonyesha inasaidia kwa hofu, sonona na hasira, na ni moja ya mizizi ya CBT, yaani tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi mmeisikia. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alikuja na yake miaka ya 1960, tofauti ni kwamba njia ya Beck inapenda kuanza kwa kupima kama ulichofikiri kina ukweli, mama kweli amekasirika? REBT inaenda kwenye lazima moja kwa moja. Mimi natumia zote mbili kulingana na mtu.

Kijana wa Buza

Dada mnasihi nimerudi. Naulizia kaka yangu. Ana kama mwezi haongei sana, hali chakula, hafungi duka lake vizuri, juzi kasema afadhali asingekuwepo tungepumzika na madeni yake. Nimhoji hizo lazima zake au nifanyeje

Mnasihi wa Tabata

Usimhoji kabisa. Hapo siyo pa kuhoji imani na wewe siyo mnasihi wake. Mtu asiyekula na anayeongea hivyo anahitaji daktari kwanza, akishapata nafuu ndo haya mazungumzo yanaweza kufuata, tena kwa mtu aliyesomea.

Leo kaa naye, asilale peke yake. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kusema. Sumu ya panya, dawa na vitu vya namna hiyo vitoe ndani. Usimwambie unatuaibisha na usimhesabie madeni. Kesho asubuhi mpeleke Muhimbili, wana idara ya magonjwa ya akili, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nanyi, pale mapokezi sema maneno aliyosema kama alivyoyasema usipunguze. Akigoma mtafute mtu anayemsikiliza kuliko wewe, kama ni mjomba kama ni rafiki yake wa dukani. Na usiku akizidi usisubiri asubuhi, mpeleke wodi ya dharura.

Nimekutumia ujumbe pembeni. Nijibu mkishafika hospitali.